Siku ya Kutoshukuru

Tumetoka Mudheirib alfajiri kwenda Ibra,
mama kiti cha mbele, mkono wake wa kulia
nimeulaza mapajani mwake kama mtoto wa watu.
Kwenye bahasha: nakala tatu za bataka,
ripoti ya hospitali, barua ya benki,
cheti cha kifo cha baba, kimechanika penye tarehe.
Hii mara ya pili.

Mara ya kwanza nilidhani kazi yangu kufasiri tu.
Mama ana Kiarabu cha kusalia, na cha sokoni kidogo;
lugha ya nyumbani aliileta kutoka Wete
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi,
na hajakubali kuacha kimojawapo.
Daktari wa kamati akauliza: anavaa mwenyewe?
Mama akalivuta buibui, akakaa wima.
"Naweza. Alhamdulillahi."
Anapika?
"Napika. Alhamdulillahi."
Usiku analala?
"Alhamdulillahi. Mwambie, Rayya."
Sikuwa na la kumwambia.
Neno lile halihitaji mkalimani.
Kalamu ililisikia kabla yangu,
ikatia alama, kisanduku baada ya kisanduku,
upande wa wazima.

Barua ikaja baada ya mwezi: hastahiki.
Nikamsomea kwa Kiarabu, kisha kwa chetu.
"Wamesema kweli," akasema, "wako walio taabani zaidi,"
akaingia chumbani kuvaa.
Adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa alipofunga mlango.
Alipotoka, watu wamekwisha rudi msikitini,
na kifungo cha juu kimeingia tundu la pili.

Fomu haina kisanduku cha kifungo.
Haina cha mchele unaooshwa kwa mkono mmoja,
nusu yake ukashuka na maji.
Na kula je? Mtu aliyefunzwa tangu utotoni
kwamba wa kushoto hauingii sahanini
sasa hungoja wageni waondoke.
"Mkono wa kulia," imeandika ripoti.
Wa kulia chakula, ndiyo.
Wa kulia machozi hajapata kuwa nao.

Karani aitwaye Suleyyam ndiye aliyenieleza,
sauti ameishusha kama anayetoa siri ya ndoa:
"Anaweza, sawa. Lakini kwa muda gani?
Kwa msaada wa nani? Akianguka bafuni, nani husikia?
Hayo ndiyo yaseme. Hii si sadaka, msione haya."
Nikamwuliza mbona fomu haisemi hivyo.
Akapiga muhuri karatasi isiyokuwa yetu.

Ukumbini alikuwako mtu wa Silheti,
mguu umekomea gotini, gongo lake bomba la chuma.
Suleyyam aliitazama bataka yake, hata faili hakufungua,
akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu.
Mama akatoa tende mkobani, akampa.
"Niwie radhi, ni wa kushoto."
Yule bwana hakujua Kiswahili.
Naye alipokea kwa wa kushoto,
wa kulia umeshika bomba.

Garini nilikuwa nimemwambia: "Mama, leo usishukuru."
"Nisimshukuru Mungu?"
"Mshukuru kimoyomoyo. Mbele ya daktari, hesabu."
Akanuna mpaka njia panda ya Ibra.

Anavaa mwenyewe?
Midomo ikacheza. Nikaona neno linapanda,
linafika menoni, linarudi.
"Mwambie," akasema, macho sakafuni,
"tangu nikivua kanga mpaka nitoke, chai inapoa mara mbili.
Mwambie sili mbele za watu.
Mwambie juzi nilianguka,
nikakaa chini hapo mpaka Rayya aliporudi kazini."
Hilo la juzi nilikuwa silijui.
Nililifasiri. Kiarabu changu kikakwama katikati,
daktari akangoja, kalamu imeinuka.

Tulipotoka, mkono wake ukutani,
mlango haujafunga vizuri, akalipa madeni yote:
alhamdulillahi, alhamdulillahi, alhamdulillahi,
na moja ya ziada, kwa hofu.

Barua bado haijaja.
Vifungo nimevikata. Nimeshona zipu.